Ukurasa wa kumi na sita: watu waliofika kwenye magofu ya Wamaya, na walichorudi nacho

Wewe ukitafuta kitu kwenye Google huwa unafika ukurasa wa ngapi? Mimi nikikosa jibu kwenye ukurasa wa kwanza nabadilisha maneno na kuanza upya. Ukurasa wa pili naufungua nikiwa nimekata tamaa. Wa tatu labda mara moja kwa mwaka, tena hitilafu ikiwa imenikaba koo na mteja anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Luke Auld-Thomas, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tulane huko Marekani, alifika ukurasa wa kumi na sita au hapo karibu. Huko akakutana na data ya leza iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 2013. Waliopiga hawakuwa wanaakiolojia. Walikuwa watu wa mazingira waliotaka kujua misitu ya Meksiko imehifadhi kaboni kiasi gani, kwa hiyo walihitaji urefu wa miti. Ardhi iliyo chini ya miti haikuwashughulisha. Auld-Thomas akaichukua data ile ile, akaitoa miti yote, akaangalia kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa mji. Yeye na wenzake walichapisha matokeo Oktoba 2024 katika jarida la Antiquity: majengo 6,764 katika eneo la kama kilomita za mraba 120 za jimbo la Campeche, na katikati yake mji mkubwa ambao haukuwa kwenye ramani yoyote ya akiolojia. Wakauita Valeriana, jina la ziwa dogo la karibu. Una piramidi, uwanja wa mchezo wa mpira, na bwawa la kuhifadhi maji.

Bila shaka uliona vichwa vya habari wakati ule. Mji uliopotea, mwanafunzi aliyegundua mji akiwa amekaa kitini, na kadhalika. Nami nilifurahi kama mwanaprogramu yeyote angefurahi. Lakini nilipoisoma habari yenyewe mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, mji haukuwa umepotea. Uko mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka barabara kubwa, na wakulima wa pale wanalima katikati ya vifusi vyake. La pili, siku matokeo yalipotangazwa hakuna mwanaakiolojia hata mmoja aliyekuwa amekanyaga pale. Tulijua idadi ya kuta. Hatukujua jina la mfalme hata mmoja, wala jina ambalo wenyewe waliuita mji wao.

Ebu tuliangalie hilo la pili, maana historia nzima ya kuyafikia magofu haya imejaa ndani yake. Wamaya walikuwa watu wa kuandika. Walichonga maandishi kwenye nguzo ndefu za mawe mbele ya mahekalu, kwenye ngazi, na kwenye linta za milango. Maandishi hayo ndiyo yanayotueleza nani alizaliwa lini, nani alitawazwa, nani alimteka nani. Herufi iliyochongwa ina kina cha sentimita moja au mbili, na mara nyingi jiwe lenyewe limeanguka kifudifudi chini ya majani yaliyooza. Leza inayopita mita mia kadhaa angani haiwezi kuisoma. Lazima mtu aende.

Na kwenda si mchezo. Sehemu kubwa ya nchi ya Wamaya wa kale, yaani kaskazini mwa Guatemala, kusini mwa Meksiko na Belize, ni msitu uliosimama juu ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua huzama ardhini, kwa hiyo msimu wa kiangazi unaweza kutembea siku nzima usikute hata kijito. Msimu wa mvua njia zinageuka matope yanayommeza baghala (yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi) hadi tumboni. Ndiyo maana misafara mingi hupangwa kati ya Februari na Mei. Nje ya hapo unajitafutia balaa.

Wawili walioifanya dunia iyasikie magofu haya walikuwa John Lloyd Stephens, wakili wa New York, na Frederick Catherwood, msanifu majengo na mchoraji kutoka London. Walifika Copán, nchini Honduras, mwaka 1839, huku nchi za Amerika ya Kati zikipigana wenyewe kwa wenyewe. Stephens akaona magofu yenyewe yamo ndani ya shamba la mtu, akaamua kuyanunua. Bei? Dola 50. Mji mzima wa wafalme!

Lakini anayenivutia ni Catherwood. Siku ya kwanza alisimama kwenye matope akichora huku amevaa glavu kwa sababu ya mbu, na michoro ikamshinda. Hakuwa mwanagenzi. Alikuwa amechora majengo ya kale ya Misri, na mkono wake ulijua kazi. Tatizo ni kwamba macho yake hayakuwahi kuona maumbo kama yale, kwa hiyo mkono haukujua pa kuanzia. Akarudia, akarudia tena, akisaidiwa na kifaa cha kioo kinachotupa taswira ya jiwe juu ya karatasi ili mchoraji aifuate kwa penseli. Alipomaliza alikuwa amechora herufi asizozielewa kwa uaminifu mkubwa hivi kwamba wasomi wa leo wanaweza kutambua nyingi kati yake. Kumbuka hilo: alinakili data bila kujua muundo wake, na hakujaribu kuirekebisha ifanane na kitu anachokijua. Nimefanya kazi na watu wenye digrii ambao hawawezi kujizuia hivyo.

Stephens naye, katika kitabu chake cha 1841, aliandika jambo ambalo wengi wakati huo hawakutaka kulisikia. Wazungu walikuwa wakisema miji hii ilijengwa na Wamisri, au Wafoinike, au makabila yaliyopotea ya Israeli. Yeyote yule, mradi asiwe mwenyeji. (Hadithi hiyo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua vizuri, maana magofu yetu nayo yalipewa wajenzi kutoka kila mahali isipokuwa hapa.) Stephens alisema waliojenga ni mababu wa watu wale wale wanaoishi pale. Alikuwa sahihi. Mamilioni ya watu wanazungumza lugha za Kimaya hadi leo.

Safari yao ya pili, Yucatán, ilileta hasara ambayo bado inaniuma. Huko Uxmal walikuta linta ya mbao yenye maandishi ya kuchongwa. Mbao katika hali ya hewa kama ile, na bado imesimama! Waliishusha, wakaisafirisha hadi New York, wakaiweka katika jumba la maonyesho la Catherwood. Julai 1842 jumba hilo likaungua, na linta ikaungua nayo pamoja na michoro mingi. Kilichostahimili mvua za karne nyingi kikaangamia kwa moto wa usiku mmoja baada ya kupelekwa mahali salama. Nakala moja, mahali pamoja. Wenzangu mnaojua kazi ya seva mnanielewa.

Waliofuata walijifunza. Mwingereza Alfred Maudslay alianza mwaka 1881 na akarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka kumi, akibeba kamera ya sahani za kioo, marobota ya karatasi na mapipa ya plasta. Mapipa ya plasta, mgongoni mwa baghala, msituni! Alileta na fundi Mwitaliano wa kutengeneza kalibu. Waliyafunika mawe kwa plasta kipande kwa kipande, wakavisafirisha vipande hadi London na kumimina nakala kamili. Yapo mawe ambayo uso wake umeshaliwa na mvua, na leo wataalamu wanaosoma maandishi yake wanakwenda kuzitazama nakala za Maudslay kwa sababu zina herufi ambazo jiwe lenyewe halina tena. Simtakasi, maana pia alibeba linta halisi kutoka Yaxchilán na ziko British Museum hadi sasa. Teobert Maler, aliyewahi kuwa askari wa mfalme Maximilian huko Meksiko, alipiga picha Piedras Negras, kando ya mto Usumacinta, mwaka 1895 na tena 1899. Picha zake tutazihitaji baadaye.

Kisha akaja Sylvanus Morley wa Marekani, na hapa wanaprogramu mtacheka. Wakati huo utomvu wa mti wa msapodila ulikuwa ukitengeneza chingamu za dunia nzima. Wagema wa utomvu huo, wanaoitwa chiclero, walizunguka msituni miezi na miezi wakitafuta miti. Hakuna aliyeujua msitu kuwaliko. Morley akatangaza zawadi ya dola 25 kwa mgema yeyote atakayempeleka kwenye magofu mapya yenye maandishi ya tarehe. Leo kampuni kubwa za programu zinalipa vijana wanaogundua mianya ya usalama. Morley aliifanya biashara hiyo hiyo karne moja mapema. Na ilizaa matunda: mwaka 1916 alifika Uaxactún, akakuta nguzo yenye tarehe ya mwaka 328, ya zamani kuliko nguzo nyingine zote alizokuwa amezijua hadi wakati huo. Njiani kurudi, msafara wake ukavamiwa na wanajeshi wa Guatemala waliodhani ni waasi, na daktari wa msafara akauawa kwa risasi. Majina ya wagema waliopokea zile dola 25 hayako kwenye vitabu vingi, ingawa bila wao vitabu hivyo visingekuwa na kurasa.

Kwa nini Morley alilipia tarehe, si piramidi? Kwa sababu tarehe za Wamaya zilikuwa zimeshafumbuliwa, wakati maandishi mengine yote yalikuwa bado kiza kitupu. Na hapa niruhusuni nitoke nje ya njia kidogo, maana kalenda yao ni kazi nzuri ya kihandisi.

Kompyuta za Unix huhesabu muda kwa namna rahisi: chagua siku moja iwe sifuri, kisha hesabu sekunde. Siku hiyo ni Januari 1, 1970. Wamaya walifanya vivyo hivyo ila wao walihesabu siku. Sifuri yao inaangukia Agosti 11, 3114 kabla ya Kristo. Nambari zao zilienda kwa ishirini badala ya kumi, na walikuwa na alama ya sifuri, kitu ambacho Warumi na mahesabu yao yote hawakuwa nacho. Katika kuhesabu siku waliweka tofauti moja: nafasi ya pili inajaa kwa kumi na nane badala ya ishirini, ili ya tatu ikae karibu na mwaka, siku 360. Kwa hiyo nafasi ni siku 1, siku 20, siku 360, siku 7,200 na siku 144,000.

Chukua tarehe 9.12.2.0.16, iliyoko kwenye nguzo namba 3 ya Piedras Negras. Ni 9 × 144,000, ongeza 12 × 7,200, ongeza 2 × 360, ongeza 0 × 20, ongeza 16. Jumla, siku 1,383,136. Ukizihesabu kutoka siku ya sifuri unafika Julai mwaka 674. (Na ndiyo, 12 × 7,200 ni 86,400, idadi ya sekunde katika siku moja. Ni sadfa tu, lakini niliruka kwenye kiti.) Mfumo wa sekunde wa Unix wenye biti 32 utajaa Januari 19, 2038. Wa Wamaya haukujaa Desemba 2012, licha ya kelele zote zile. Ulisogeza tarakimu ya juu kabisa hatua moja tu na kuendelea, na jiwe moja la Palenque linataja tarehe iliyoko mwaka 4772.

Basi hali ilikuwa hivyo: watu wanasoma tarehe vizuri kabisa, na hawasomi kitu kingine. Mtaalamu mkubwa wa enzi hizo, Mwingereza Eric Thompson, aliamini kwamba hakuna kingine cha maana. Kwake, Wamaya walikuwa makuhani wapole wanaoabudu muda na kutazama nyota, na nguzo zilihusu nyota na miungu.

Tatiana Proskouriakoff alizaliwa Tomsk, Siberia, mwaka 1909, akakulia Marekani na kusomea usanifu majengo. Kazi ikakosekana kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa miaka ya thelathini. Mwaka 1936 akaingia kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwenda Piedras Negras kuchora ramani na majengo. Alizipima zile ngazi yeye mwenyewe, akajua nguzo gani imesimama mbele ya hekalu gani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa mezani na picha za Maler na wengine mbele yake, aliona kitu.

Nguzo hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa kwenye makundi, kila kundi mbele ya hekalu lake. Kila kundi lilianza na nguzo ya mtu aliyeketi juu ndani ya kishimo, kama aliyepandishwa kitini. Akapanga tarehe za kila kundi. Hakuna kundi ambalo tarehe zake zilizidi umri wa mtu mmoja. Katika kila kundi kulikuwa na tarehe ya kwanza kabisa yenye herufi fulani inayofanana na kichwa cha chura kinachotazama juu, na miaka kumi na kitu au ishirini na kitu baadaye, tarehe nyingine yenye herufi ya kichwa kilichofungwa kitambaa kama mtu anayeumwa jino. Akauliza swali ambalo angeuliza yeyote anayesoma logi za mfumo asioujua: ni matukio gani mawili hutokea mara moja tu kwa kila mtumiaji, moja mwanzoni na jingine miaka kadhaa baadaye? Kuzaliwa, na kutawazwa.

Hakuwa amesoma neno hata moja. Alisoma mpangilio. Makala yake ilitoka mwaka 1960, na ikabadilisha kila kitu: nguzo zile ni historia ya wafalme. Zaidi ya hapo, watu waliovaa kanzu ndefu ambao wote waliwaita makuhani wanaume, akaonyesha kwamba wengine ni wanawake. Ile tarehe tuliyoikokotoa hapo juu, Julai 674, ni ya kuzaliwa kwa malkia. Kwenye nguzo hiyo ameketi na binti yake mdogo. Thompson aliisoma hoja hiyo na kukubali kwamba yeye ndiye aliyekosea, jambo ambalo alilitenda kwa nadra sana.

Utaniambia, na Knorozov je? Ni kweli. Yuri Knorozov alifumbua jinsi herufi za Kimaya zinavyotoa sauti akiwa Leningrad, akachapisha mwaka 1952, na hakuiona nchi ya Wamaya hadi 1990. Lakini tazama alifanyia kazi nini. Alitumia nakala zilizochapishwa za vitabu vya Wamaya vilivyosalia (leo tunavyo vinne tu, vingine vilichomwa, na moto unaojulikana zaidi ni ule wa padri Diego de Landa mjini Maní mwaka 1562) na maelezo ya huyo huyo Landa kuhusu herufi. Kila kilichokuwa juu ya meza yake kilikuwa kimenakiliwa na mtu aliyekuwa pale.

Sasa nifike kwenye sehemu chungu. Miaka ya sitini, soko la sanaa la Marekani na Ulaya liligundua mawe ya Wamaya. Nguzo ya tani kadhaa haibebeki, kwa hiyo wezi wakaingia msituni na misumeno, wakakata uso wa jiwe na kuacha mgongo. Ulipokuwa mzito bado waliukata vipande vidogo, na maandishi ya pembeni yakabaki chini yakiwa changarawe. Piedras Negras ilikatwakatwa. Kuna nguzo zake ambazo hatuwezi tena kuziona zikiwa nzima isipokuwa katika picha za Maler.

Hasara si jiwe tu. Rekodi ikitolewa kwenye hifadhidata bila ufunguo wake, unabaki na maneno yasiyojulikana yanahusu nini. Nguzo iliyoko sebuleni kwa tajiri inasema fulani alitawazwa siku fulani. Alitawazwa wapi? Mbele ya hekalu lipi? Kumbuka kwamba Proskouriakoff alipata jibu lake kutokana na mahali zilipokuwa nguzo. Kama misumeno ingetangulia ramani, asingekuwa na makundi ya kulinganisha.

Mwingereza Ian Graham aliamua kushindana na misumeno. Mwaka 1968 alianzisha, kupitia jumba la makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard, mradi wa kupiga picha na kuchora kila andiko la Kimaya lililobaki. Mbinu yake ilikuwa ya kungoja usiku. Mchana jua linakuja kutoka juu na jiwe linaonekana bapa. Usiku unaweka taa pembeni, mwanga unatambaa juu ya jiwe, na kila mkwaruzo unatoa kivuli. Mwaka 1971, katika magofu ya La Naya huko Petén, yeye na watu wake waliwakuta wezi wakiwa kazini. Wezi wakafyatua risasi na mwongozaji wake akafa.

Faili za Graham ziliwahi kufika hata mahakamani. Alikuwa amerekodi nguzo namba 2 ya Machaquilá ikiwa bado msituni. Miaka michache baadaye ikajitokeza Marekani, imekatwa vipande, ikitafutiwa mnunuzi. Rekodi yake ikathibitisha ilikotoka, wahusika wakapatikana na hatia, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu mwaka 1974. Bila ile rekodi, jiwe lile lingekuwa mali ya yeyote aliye nalo.

Kisa kirefu zaidi ni cha mji ulioitwa Q. Mawe kadhaa mazuri yalikuwa yamesambaa katika makumbusho na nyumba za watu, yote ya mtindo mmoja, yote yakitaja watu wale wale pamoja na wafalme wa nasaba ya Nyoka, mojawapo ya nasaba zenye nguvu kuliko zote. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Peter Mathews akaupa mji huo usiojulikana herufi Q, kifupi cha neno la Kihispania la kuuliza "nini". Miaka ikapita. Mwaka 1997 Graham na David Stuart wakaongozwa hadi magofu kaskazini-magharibi mwa Petén, madogo, yametobolewa na mashimo ya wezi, wakayaita La Corona. Mawe ya pale yalifanana na yale yaliyoibwa, lakini kufanana si ushahidi. Mwaka 2005 Marcello Canuto aliingia kwenye handaki lililoachwa na wezi, na humo akakuta jiwe la maandishi bado liko mahali pake, wezi walilikosa kwa bahati. Lilitaja watu wale wale. Q ilikuwa imepatikana, takribani miaka arobaini baada ya kuporwa. Canuto huyo ni mmoja wa walioandika makala ya Valeriana.

Kwa hiyo tumerudi kwenye leza. Namna inavyofanya kazi si ngumu: ndege inarusha mamia ya maelfu ya mapigo ya mwanga kila sekunde, na kifaa kinapima muda kila pigo linaotumia kurudi. Mwanga unasafiri kama sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya kifaa lazima iwe kali sana. Mapigo mengi yanagonga majani. Machache yanapenya matundu na kugonga udongo. Programu inachambua pointi za chini kabisa na kuzitupa zilizobaki. Huko Caracol, Belize, Arlen na Diane Chase walikuwa wamechora ramani ya kilomita za mraba 23 kwa miaka 25 ya kutembea na mapanga. Mwaka 2009 ndege iliwapa kilomita za mraba 200 kwa siku chache. Kaskazini mwa Guatemala, matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha majengo 61,480 katika kilomita za mraba 2,144.

Mimi ni mtu wa programu huria. Nimekuwa nikisema data yote iliyolipiwa na umma iwekwe wazi, na Valeriana inaniunga mkono: data ingefungwa kabatini, hakuna ambaye angeikuta, hata ukurasa wa mia. Lakini picha ile ile inayomwonyesha mwanafunzi hekalu inamwonyesha mwizi pa kuchimba, tena na majiranukta. Timu nyingi sasa huchapisha ramani bila majiranukta kamili. Zamani ningewaita wachoyo. Sasa nadhani wako sahihi kuficha, mradi nakala kamili iwe mikononi mwa taasisi za Guatemala na Meksiko zenyewe, si kwenye diski ya chuo fulani Marekani peke yake. Kuna jambo moja linalonifanya nisite: wanaoishi karibu na Valeriana walikuwa wanajua mahekalu yako wapi tangu awali, na wezi wa miaka ya sitini hawakuwa na leza.

Mwenye nafasi na miguu mizuri anaweza kwenda. El Mirador, ambako piramidi ya La Danta inafika mita 72 hivi, bado watu huenda kwa miguu kutoka kijiji cha Carmelita, siku mbili kwenda na mbili kurudi, mizigo ikibebwa na baghala. Piedras Negras hufikiwa kwa mashua kwenye Usumacinta. Ukipanda hadi jengo ambalo ramani inaliita J-23, uko mahali majivu ya Tatiana Proskouriakoff yalipozikwa mwaka 1998, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake, juu ya ngome ya wafalme ambayo aliichora yeye mwenyewe.